Utepe Kati ya Nesi na Mgonjwa: Maelezo ya Bernadeta binti Luambano

KITUO CHA POLISI, MOROGORO
Jumamosi, tarehe 16 Juni, 1956

Maelezo ya shahidi katika lalamiko la Kasiani Luambano dhidi ya Nesi Mwanaasha binti Shomari, wa hospitali ya shamba la mkonge la Mbigilini, kwamba alilala kazini na kwamba alimfunga mgonjwa kwa nia mbaya.

Jina: Bernadeta binti Luambano
Umri: Hajui mwaka wa kuzaliwa, akadiriwa miaka arobaini na mitano
Kabila: Mluguru
Dini: Mkristo, Katoliki
Kazi: Mkulima wa mboga
Makazi: Kilundwa, milimani Uluguru

Nimeonywa na Koplo Pazi kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimeelewa. Mtu ninayemkatalia maneno yake leo ni kaka yangu wa tumbo moja, na nikitoka hapa narudi naye njia moja kupanda mlima. Kwa hiyo sina sababu ya kubuni. Haya ya kweli tu yananitosha kwa ugomvi.

Mimi nalima kabeji, njegere na vitunguu, na kila wiki nateremka kuuza sokoni hapa mjini. Nina binti mmoja, Cecilia, ambaye ameolewa na Petro, mkata mkonge wa Mbigilini. Mlalamikaji Kasiani ni mjomba wa Cecilia. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaulizwa kwa heshima, lakini anayejibu ni mjomba. Nasema hivi ili afande aelewe kwamba kaka hakuja hapa kwa uchokozi. Akisikia mtoto wa dada yake amefanyiwa ubaya, ni lazima aje, na asipokuja watu watamcheka. Ila safari hii amekosea.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14 Juni, mchana, nilikuwa sokoni. Petro alinijia mbio, bado ameshika kisu chake cha kukatia mkonge, watu wakampisha wakidhani ana wazimu. Aliniambia Cecilia, ambaye alikuwa na mimba kubwa, ameanguka jikoni akitetemeka mwili mzima na macho yamegeuka. Nilimwachia kabeji zangu jirani wa sokoni, mwanamke ambaye simwamini hata kidogo, tukaondoka. Tulipofika Mbigilini, Cecilia alikuwa ameshapelekwa hospitali ya shamba. Miguu yake ilikuwa imevimba, na ulimi wake ulikuwa na jeraha alipouuma. Bwana Gabrieli, msaidizi wa daktari, ambaye ndiye mkubwa wa hospitali ile siku zote daktari asipokuwepo, aliniambia ni kifafa cha mimba.

Daktari alikuja jioni kwa gari. Mtoto alizaliwa asubuhi ya Ijumaa, msichana, mzima, mwenye sauti ya kutosha kwa watu wawili. Mimi nilianza kushukuru. Daktari alinizuia. Alisema mbele yangu, na Bwana Gabrieli akanifafanulia, kwamba kifafa hiki kinaweza kurudi hata baada ya mtoto kutoka. Usiku huo na usiku wa kufuata Cecilia asiachwe bila mtu wa kumtazama. Kikimrudia, alazwe ubavu upesi asisongwe na mate, awekewe kitu mdomoni, achomwe sindano. Akichelewa kusaidiwa anaweza kufa. Kisha daktari aliondoka kwenda shamba jingine ambako kulikuwa na watu walioumizwa na lori.

Mtu wa kumtazama alikuwa Nesi Mwanaasha. Ni msichana wa Mwembesongo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimkuta pale Alhamisi jioni akianza zamu yake ya usiku. Alikesha usiku ule wote na Cecilia. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa apokelewe na mwenzake, Nesi Chausiku, lakini Chausiku alikuja amejifunika khanga mbili anatetemeka kwa homa, akalazwa kitanda cha tatu kutoka kwa Cecilia. Hivyo nesi wa mchana akawa mgonjwa, na nesi wa usiku akawa wa mchana pia. Alimpokea mtoto wa Cecilia kwa mikono yake baada ya kukesha, akamwogesha, akamfunga kitovu, kisha akaenda kumpa kwinini mwenzake.

Baada ya saa nane mchana Bwana Gabrieli alimwambia aende akalale, yeye atashika wodi. Alikwenda. Nilikuwa sijamaliza hata kumlisha Cecilia uji, nikamwona anarudi. Nilimwuliza, "Mwanangu, wewe hulali?"

Alinijibu, "Nalala, mama, korona ikiniruhusu."

Korona ni ile mashine ya kukamua mkonge. Nyumba ya manesi imejengwa nyuma yake. Nilikwenda kuiona kwa macho yangu jioni ile, nilipomsaidia kuchukua shuka. Kikombe kilichokuwa juu ya meza kilikuwa kinatembea chenyewe kwa mtikisiko. Mashine hiyo inaanza kunguruma alfajiri na kunyamaza jioni, yaani saa zile zile ambazo nesi wa usiku anatakiwa kulala. Sijui nani aliyejenga nyumba ile, lakini huyo mtu hakuwahi kukesha. Mwanaasha aliniambia wanashika zamu ya usiku majuma mawili, halafu wanageuza mchana, na kwamba mwili ukianza kuzoea ndipo zamu inapogeuka tena. Alisema siku nyingine anakula ugali saa kumi na mbili asubuhi na hajui kama amekula cha jioni au cha asubuhi. Alisema hivyo akicheka. Hakuwa akilalamika.

Mimi ni mtu wa kuangalia watu. Sokoni usipoangalia unaibiwa. Kwa hiyo jioni ile ya Ijumaa nilimwangalia sana nesi huyu, maana uhai wa mwanangu ulikuwa mikononi mwake. Niliona amechoka vibaya. Aliniamkia "shikamoo" mara tatu kabla taa hazijawashwa, na kila mara kwa adabu kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Alitafuta pini akiwa ameichomeka kifuani mwake. Alianza kuniambia jambo, akanyamaza katikati, akabaki ananitazama. Niliingiwa na hofu. Nilimnong'oneza Petro kwamba huyu binti ataanguka.

Lakini niliona na mambo mengine, na hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Kiti kilikuwepo, naye hakukikalia. Alipoona macho yanazidiwa alitoka kwenye pipa la maji, akanawa uso na shingo, akarudi. Na hakugusa dawa yoyote bila kuitaja kwanza kwa sauti mbele ya mtu. Alinichagua mimi. Aliniita mezani akaniambia, "Mama, mimi nitasema ninachokwenda kufanya. Wewe sikiliza, halafu tazama mkono wangu. Mkono ukifanya kingine, nishike."

Nilimwambia mimi sijui kusoma. Akasema, "Sihitaji usome. Nahitaji uwe na macho."

Alisema, "Nampa Cecilia dawa ya chupa ya kahawia, vijiko viwili." Kisha mkono wake ukaenda kwenye chupa nyeupe, ya dawa ya kusafishia vidonda. Mimi nilimshika kama alivyoniagiza. Nikasema, "Hiyo nyeupe."

Aliiweka chini. Hakujitetea, wala hakunikasirikia, wala hakusema taa ni hafifu. Alitoka akanawa uso, akarudi, akaanza upya tangu mwanzo: chupa ya kahawia, vijiko viwili. Alipomaliza akaniambia, "Umeona? Ndiyo maana nilikuita."

Afande ameniuliza kama jambo hilo la chupa nimelisema kwa hiari yangu. Ndiyo. Najua linaweza kumdhuru. Lakini kaka yangu amekwisha kulisikia kwa Petro, na atalisema nusu. Mimi nalisema zima. Katika maisha yangu nimekutana na watu wengi waliochoka, na kila mmoja anakwambia hajachoka. Dereva wa lori anakwambia hajachoka, na ndiye huyo anayelala bondeni. Huyu ni mtu wa kwanza niliyemwona anakamata kosa lake kabla halijamfikia mtu, na kumwomba mgeni amsaidie kulikamata.

Baada ya kengele ya shamba ya usiku, wagonjwa walipotulia na Petro amekwenda kwake kulala, Nesi Mwanaasha alikuja kitandani kwa Cecilia. Mimi nilikuwa nimetandika mkeka chini. Alichuchumaa karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nitakuambia ukweli. Nitalala."

Nilishtuka. Nilimwambia, "Utalalaje nawe umeambiwa usilale?"

Akasema, "Kuambiwa nimeambiwa. Lakini najijua. Karibu na alfajiri huwa macho yangu yako wazi na mimi mwenyewe simo. Nitasimama, nitanawa, nitatembea, halafu itafika dakika nitaketi, na sitajua kama nimeketi. Nikikudanganya kwamba sitalala, hatutajiandaa."

Nilimwambia basi nitakesha mimi. Nilijisifu sana. Nilimwambia mimi ni mtu wa milimani, nimekesha kwenye misiba usiku baada ya usiku, usingizi hauniwezi. Alinitazama akatabasamu. Alisema, "Wewe nawe hujalala tangu Alhamisi. Tukitegemeana sisi wawili tu, tutalala wote wawili." Na nakiri kwamba mimi niliyejisifu ndiye niliyetangulia kukoroma.

Hapo ndipo alipotoa utepe wa bendeji. Alisema atafunga ncha moja kwenye mkono wake na nyingine kwenye mkono wa Cecilia, na utepe ukae bila kulegea. Kifafa kikianza, mkono wa mgonjwa hustuka kabla ya kitu chochote. Ukistuka, utamvuta yeye. Alisema, "Mtu aliyechoka hasikii sauti, mama. Wodi hii ina kelele za kila namna, masikio yameshazoea. Lakini ukimvuta mkono ataamka tu."

Nilikataa. Na hapa naomba Koplo aandike vizuri, kwa sababu ndipo penye lalamiko la kaka yangu. Kwetu, mwanamke akiwa na uchungu au akiwa kitandani kwa uzazi, hatuachi fundo lolote karibu naye. Tunafungua nywele zake, tunafungua matita ya kuni, tunafungua kamba ya mbuzi, hata sanduku tunaliacha wazi. Fundo karibu na mzazi linafunga kizazi. Na mtu mwenye nia mbaya akitaka kumfunga mwanamke asizae tena, anatumia uzi na mafundo. Cecilia ni binti yangu wa pekee. Ukoo wangu unapita kwake, na kizazi chake kikifungwa, nyumba yetu imekwisha. Nilimweleza nesi hayo yote, nikidhani atanicheka, kwa kuwa ni msichana wa mjini na amesoma.

Hakunicheka. Aliniuliza, "Na fundo likiwa kwangu je?"

Nikamwambia lako halituhusu, labda ukitaka kuolewa.

Basi alifanya hivi. Kwa upande wa Cecilia aliuzungusha utepe kwenye kifundo cha mkono mara kadhaa, akauchomeka ndani ya mizunguko yake wenyewe, bila fundo hata moja. Mafundo yote alijifunga yeye, kwenye mkono wake wa kushoto, mawili, akayakaza kwa meno. Akanipa niuvute nione kama umeshika. Nilivuta, umeshika. Cecilia alikuwa macho, aliona yote, na aliridhia. Hata alimtania nesi akamwambia, "Sasa umeshakuwa mbuzi wangu." Nesi akalia kama mbuzi, mwanangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Alhamisi, nikageukia ukutani nikajifuta machozi.

Nilipitiwa na usingizi. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Kilichoniamsha ni kishindo cha kiti kuanguka. Nilipoinua kichwa, Nesi Mwanaasha alikuwa ameshasimama na ameshamgeuza Cecilia ubavu. Mwanangu alikuwa anatetemeka, meno yanasagana. Nesi alikuwa ameingiza kijiko kilichoviringishwa bendeji kati ya meno yake. Aliniita, "Mama, shika kichwa, usikibane, kishike tu." Nilishika. Sindano ilikuwa tayari kwenye sahani iliyofunikwa, pale pale kitandani, wala hakuitafuta. Aliitaja kwa sauti kama alivyozoea, kiasi chake na mahali pa kuchoma, akanitazama, nikamwitikia, akachoma. Tulikaa hivyo. Nilikuwa nasali Salamu Maria na naona nilikuwa naruka maneno. Hatimaye mwili ulilegea, Cecilia akavuta pumzi ndefu, rangi ikarudi midomoni.

Ndipo nilipoona kwamba hayo yote nesi aliyafanya akiwa bado amefungwa kwa mwanangu. Hakupata nafasi ya kuufungua utepe. Na kwenye shavu lake kulikuwa na alama nyekundu ya chuma cha kitanda, imezama. Kwa hiyo najua kwamba alikuwa amelala, na najua kwamba utepe ulimwamsha kabla mimi, niliyekuwa hatua mbili kutoka pale, sijasikia chochote. Wodi nzima ilikuwa imelala. Kama si utepe ule, leo ningekuwa natoa maelezo ya kifo.

Alimwita Bwana Gabrieli kwa kumtuma mlinzi wa hospitali. Bwana Gabrieli alikuja, akampima Cecilia, akasema sindano imechomwa kwa wakati. Akarudi kwake kulala. Nesi aliukaza utepe upya, kwa namna ile ile, bila fundo upande wa mwanangu, akaendelea kusimama. Nilikuwa macho wakati huo, sikuweza tena kulala. Nilimwona anavyopigana. Alisimama akiegemea ukuta, akateleza kuelekea chini, akazinduka, akasimama tena. Jua lilipochomoza, na kengele ya kazi ikagongwa, aliketi. Paji la uso likagusa chuma cha kitanda, akalala.

Sikumwamsha. Afande ameniuliza kwa nini sikumwamsha. Kwa sababu mimi nilikuwa macho, kulikuwa kweupe, na utepe ulikuwa umekaza. Nilimwonea huruma, nikaona hayo yote yanatosha.

Wakati huo ndipo kaka Kasiani alipoingia. Alikuwa amepata habari Kilundwa Ijumaa jioni kwamba Cecilia ni mahututi, akateremka mlima usiku kucha peke yake. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini na panga lake liko kiunoni. Naye pia hakuwa amelala, na naomba jambo hilo liandikwe kwa faida yake. Aliingia akaona mtoto wa dada yake amelala kama maiti, amefungwa utepe mkononi, na ncha ya pili iko kwa mwanamke asiyemjua, na kwa mwanamke huyo kuna mafundo. Hakuniuliza. Alisema kwa sauti kubwa, "Nani kamfunga mtoto wangu?" Akachomoa panga akaukata utepe.

Utepe ulipovutwa na panga, Nesi Mwanaasha aliamka. Hakumtazama kaka. Hakuona panga. Aliruka moja kwa moja kwa Cecilia, akamshika taya, akaanza kumgeuza ubavu, kwa kuwa alidhani kifafa kimerudi. Kaka alidhani anamkaba. Alimsukuma, akaanguka chini, kiwiko kikagonga sakafu ya saruji. Naye aliinuka akamfuata tena mgonjwa. Kaka akamsukuma mara ya pili. Akainuka tena. Mtu mzima mwenye panga mkononi amesimama mbele yake, na yeye anapita ubavuni mwake kumfikia mwanangu. Mara hiyo mimi ndiye niliyemkamata kaka kwa nyuma, nikamwambia, "Kasiani, mwache! Huyo ndiye aliyemponya!" Hakunisikia.

Afande, nimezaa watoto wanne na nimezika watatu. Sijawahi kumwona mtu asiye wa damu yetu akimpigania mtoto wangu namna ile. Nitamheshimu mpaka naingia kaburini, na sioni haya kusema hivyo mbele ya polisi.

Bwana Gabrieli alikuja kwa kelele zile. Kaka alimwambia kwamba nesi amelala kazini na amemfunga mzazi kwa mafundo. Bwana Gabrieli alimgeukia nesi akamwuliza mbele ya wagonjwa wote, "Ulilala?"

Alijibu, "Nililala."

Bwana Gabrieli alimwambia avue aproni yake. Aliivua, akaikunja vizuri, akamwambia Bwana Gabrieli dawa ya Cecilia inayofuata ni ya saa ngapi na ya Chausiku ni ya saa ngapi. Kisha alitoka. Kaka alichukua kipande cha utepe kilichobaki kwa Cecilia kama ushahidi, akaja hapa kituoni. Askari alitumwa kumwita nesi, na mimi nikafuatana nao kwa miguu kupitia Msamvu.

Njiani nilimwambia Mwanaasha kwamba nikiulizwa nitasema hakulala hata kidogo. Cecilia mwenyewe alikuwa ameniomba niseme hivyo. Nilimwambia, "Niachie mimi, nitaapa." Alisimama barabarani akanishika mkono.

Alisema, "Mama, usiseme hivyo. Sema nililala. Ukisema sikulala, utepe ulikuwa wa nini? Hapo ndipo maneno ya kaka yako yatakuwa kweli."

Kwa hiyo nasema: alilala. Alilala mara mbili. Mara ya kwanza aliamka upesi kuliko sisi sote, mara ya pili aliamshwa kwa panga. Na kila mara aliamka akiwa upande wa mgonjwa.

Kuhusu mafundo, kipande alichokileta kaka kiko mezani kwa Koplo. Kitazameni, hakina fundo. Mafundo yako kwenye kipande cha pili, na kipande hicho mpaka sasa kiko mkononi mwa nesi, kwa kuwa kimekaza na hakuna aliyemsaidia kukifungua. Kama mafundo yale yana ubaya, basi ubaya ameubeba yeye.

Nilipoulizwa na Koplo kama naona ni sawa mtu kulala kazini, nilijibu kwamba si sawa. Si sawa pia mtu mmoja kupewa usiku, mchana na usiku tena, halafu apewe kitanda nyuma ya korona. Usingizi ule hakuutafuta. Aliujua unakuja, akajipanga nao. Wangapi wetu tunafanya hivyo?

Nina maombi. Usiku wa leo ni ule wa pili aliousema daktari, na kifafa kinaweza kurudi. Sasa hivi Cecilia anatazamwa na wifi yake Modesta pamoja na Bwana Gabrieli mwenyewe, ambaye nilipoondoka alikuwa ameshapiga miayo mara tatu na hata mchana haujafika. Naomba nesi asiwekwe ndani. Naomba arudishiwe aproni yake. Lakini naomba pia asirudishwe wodini leo kabla hajalala. Mtafutieni mahali pasipo na mashine. Mkimrudisha hivi hivi kwa kumwonea fahari, mtamwua yeye na mwanangu pamoja.

Dirisha la chumba hiki liko wazi na kaka yangu yuko kibarazani. Kama anasikia, basi asikie. Kasiani, ulikuja kwa sababu ni mtoto wako, na mimi sina kinyongo. Ulitembea usiku mzima kwa ajili yake. Binti huyu naye alisimama usiku mzima kwa ajili yake, wala si wa ukoo wetu. Kosa lake uliloliona ni kwamba alichoka kabla yako.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa maneno haya kwa Kiswahili, nimeyatambua kuwa ni yangu, na naweka dole gumba langu kwa ridhaa.

(Alama ya dole gumba la kulia)
Bernadeta binti Luambano

Maandishi ya mpokea maelezo:

Mimi, Koplo Pazi Kibwana, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Kielelezo, kipande cha bendeji kilicholetwa na mlalamikaji, nimekikagua. Hakina fundo.

Saa tano na nusu asubuhi nilitoka kibarazani kumwita Nesi Mwanaasha binti Shomari atoe maelezo yake. Nilimkuta amelala kwenye benchi, amejikunja upande. Mlalamikaji, Kasiani Luambano, alikuwa ameliachia benchi lote, amechuchumaa kichwani pake juani, akimfungua lile fundo la mkononi polepole kwa ncha za kucha. Nilipoita jina la nesi, mlalamikaji aliniinulia mkono ninyamaze. Nilimwuliza kama anaendelea na lalamiko lake. Alijibu kwa sauti ya chini, "Afande, huyu asiamshwe. Mimi naondoka nikimaliza hili fundo, nakwenda kumtazama mtoto wangu mimi mwenyewe mpaka nesi atakapoamka."

Nimeahirisha kuchukua maelezo ya nesi. Askari wa zamu ameagizwa asigonge kengele ya kituo.

(Sahihi) P. Kibwana, Koplo